Cheti Ukutani, Mauti Kazini



Mwaka 1988 wananchi wa Kenya walipangwa foleni nyuma ya wagombea katika uchaguzi wa mlolongo. Kila mwenye macho aliona ni mstari upi mrefu na ni upi mfupi. Ilipofika saa ya kutangaza matokeo, katika vituo vingi afisa wa serikali alisimama akasema kwamba mstari mfupi ndio mrefu. Askofu David Gitari, ambaye dayosisi yake ya Mlima Kenya Mashariki ilijumuisha Embu na Meru, aliukemea uongo huo kutoka mimbarini. Mlolongo ukaondolewa, na mnamo Desemba 1991 Kifungu cha 2A kikafutwa, vyama vingi vikarudi.

Lakini zoea la kukanusha kwa karatasi kile ambacho macho yameona halikufutwa pamoja na kifungu hicho. Lilihamia mahali pa kazi. Leo liko katika cheti kinachoning'inia ukutani, kikisema kwamba mahali hapa ni salama, ilhali kibarua aliye chini yake anapasua mawe bila miwani ya kinga, anavuta vumbi bila barakoa, na mashine iliyo mbele yake haina kizuizi cha kulinda vidole vyake. Afisa ametangaza, na ukweli umenyamazishwa.

Tusidanganyane kwamba tatizo letu ni upungufu wa sheria. Sheria ya Viwanda ilianza kutumika mwaka 1951, zama za mkoloni. Mwaka 1990 ikapanuliwa ili iguse mahali pengine pa kazi. Mwaka 2007 Bunge lilipitisha Sheria ya Usalama na Afya Kazini, na pamoja nayo Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ambayo baadhi ya vifungu vyake viliburutwa mahakamani hadi Mahakama ya Juu ilipovithibitisha mnamo Desemba 2019. Katiba ya 2010 inampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa katika Kifungu cha 41, na kila mtu haki ya mazingira safi katika Kifungu cha 42. Maneno tunayo tele. Kinachokosekana ni jicho la mwananchi juu ya utekelezaji wake.

Itazameni Embakasi, Nairobi. Mamlaka ya nishati ilieleza kwamba iliyakataa maombi ya kituo cha gesi katika eneo hilo la makazi mara tatu mwaka 2023. Hata hivyo leseni ya mazingira ilikuwa imetolewa na NEMA. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka, moto ukawafuata watu hadi vitandani mwao; wengine wakafa na mamia wakajeruhiwa. Ndipo maofisa wanne wa NEMA waliposimamishwa kazi. Hivi, mpaka lini mkaguzi wa mwisho katika nchi hii atakuwa ni moto?

Itazameni pia Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilimwaga sumu ya risasi katika kijiji cha maskini hadi kilipofungwa mwaka 2014. Haikuwa ofisi ya serikali iliyopiga mbiu. Alikuwa Phyllis Omido, mfanyakazi wa kiwanda hicho hicho, baada ya mtoto wake kuugua. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wanakijiji fidia ya shilingi bilioni 1.3; mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo; mnamo Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Na miongoni mwa walioonekana kuwajibika zilikuwamo taasisi za serikali zenyewe, zile zilizoajiriwa kumlinda raia.

Wapo watakaotujibu kwamba kanuni nyingi hufukuza wawekezaji, na kwamba mwenye njaa hachagui kazi. Twawajibu: mwekezaji anayekimbia kwa sababu ametakiwa kununua kofia ngumu na kuweka ukingo kwenye mashine, alikuja kuwekeza nini kwetu, fedha zake au miili ya watoto wetu? Na mwenye njaa akikatika mkono, je, njaa yake imepungua?

Wengine husema kanuni hizi zinamnyonga mfanyabiashara mdogo. Hapo kuna ukweli. Mkusanya ushuru anaijua njia ya kibanda cha mama mboga kuliko anavyoijua njia ya timbo la mawe. Mdogo hufungiwa kwa kukosa karatasi. Mkubwa, mwenye kutoa kitu kidogo, huletewa karatasi mezani. Lakini dawa ya upendeleo huo si kuivunja sheria. Dawa ni kuitoa gizani, ili mkubwa na mdogo wapimwe kwa kipimo kimoja na kila mtu akione kipimo hicho.

Sisi wa Nchiru hatuna udhuru wa kusema kwamba mambo haya ni mageni. Hapa ndipo ilipo nyumba ya Njuri Ncheke, baraza la wazee ambalo hukumu yake hutolewa na wengi, wala si mtu mmoja mwenye muhuri mfukoni. Wazee wetu waliweka miiko ya kulinda misitu mitakatifu kama Giitune, karne nyingi kabla NEMA haijazaliwa. Walijua kwamba mali inayoharibu maji ya jirani si mali, ni deni.

Na kanisa je? Mara ngapi fundi ameanguka kutoka jukwaa la miti, nasi tukasimama kaburini tukimwambia mjane kwamba ni mapenzi ya Mungu? Tusimsingizie Mungu uzembe wa tajiri. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamwagiza mwenye kujenga nyumba aizungushie dari ukingo, na mtu akianguka kwa kukosekana ukingo huo, damu iko juu ya nyumba. Hiyo ni amri ya usalama kazini, na haikuandikwa na Bunge.

Basi tufanye nini? Kwanza, sheria inataka kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, yenye wawakilishi wa wafanyakazi. Tuidai kamati hiyo, na wawakilishi hao wachaguliwe na wafanyakazi wenyewe, wasiteuliwe na meneja. Demokrasia isiyovuka lango la kiwanda ni demokrasia ya siku moja katika miaka mitano.

Pili, sheria inataka ukaguzi wa usalama ufanywe angalau mara moja kila miezi 12. Tuombe ripoti zake kwa maandishi, tukitumia haki ya kupata habari iliyo katika Kifungu cha 35, na tuzisome hadharani.

Tatu, kila parokia na kila tawi la haki liwe na mtu anayeijua sheria ya fidia. Ajali iliyoua lazima iripotiwe katika muda wa saa 24. Fidia ya kifo ni sawa na mapato ya miezi 96. Mjane anayepewa jeneza na gunia la mchele, kisha akaitishiwa harambee, hajasaidiwa. Amedhulumiwa mara ya pili.

Nne, tusingoje maiti ndipo twende mahakamani. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kudai haki ya mazingira bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekwisha kuumia.

Ndugu zetu walipigwa virungu ili kura ihesabiwe jinsi ilivyopigwa. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba usalama unaandikwa jinsi ulivyo. Wiki hii, wewe usomaye maneno haya, uliza kazini kwako: kamati yetu ni akina nani, na ukaguzi wa mwisho ulifanyika lini? Ukijibiwa kwa kimya, usiende nyumbani. Mtafute mwenzako, kisha ulizeni wawili.