Wanamichezo wa Kwenye Karatasi

Kila mwaka vyuo vya Marekani vyenye timu za michezo, vinavyosomesha wanawake na wanaume na kunufaika na misaada ya serikali kuu kwa wanafunzi, hupeleka Wizara ya Elimu idadi ya wanamichezo wao kwa jinsia. Vinabanwa na sheria ya 1994 iitwayo EADA. Takwimu zikishatoka mabishano huanza, na hoja huwa ni zilezile. Nyingi hazina miguu.

Ya kwanza husema: wizara imezipokea takwimu, basi chuo kinatii Title IX, ile sheria ya 1972 inayopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika elimu. Sivyo. Fomu ya EADA hujazwa na chuo chenyewe, na kinachohesabiwa ni majina yaliyo kwenye orodha ya timu siku ya pambano la kwanza kwenye ratiba. Siku moja tu! Wenye akili ya hesabu hawakuchelewa kuona mwanya. Mwaka 2009, Chuo Kikuu cha Quinnipiac, Connecticut, kilipotangaza kufuta timu ya voliboli ya wanawake, wachezaji na kocha wao walikishtaki. Mahakamani ikabainika kwamba wanaume wa timu ya besiboli waliondolewa kwenye orodha kabla ya siku ya kuhesabu, wakarudishwa ilipopita. Kwenye softiboli ya wanawake mambo yalikwenda kinyume: majina yaliongezwa kwanza, kisha yakapunguzwa. Karatasi ilikuwa sahihi kwa siku hiyo.

Hoja ya pili imetoka upande wa pili, kwa wanaotetea wanawake, nayo pia imepitiliza: kwamba kumhesabu mkimbiaji mmoja mara tatu, kwa kila timu anayoikimbilia, ni wizi mtupu. Mkenya Sally Kipyego, alipokuwa Chuo Kikuu cha Texas Tech, alitwaa mataji 9 ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, katika mbio za nyika, za ukumbini na za uwanja wa nje. Hayo ya nyika aliyachukua mara 3 mfululizo kuanzia 2006. Misimu mitatu, mazoezi ya misimu mitatu, jasho la misimu mitatu. Kumhesabu mara tatu ni haki yake. Tatizo linakuja pale mkimbiaji wa nyika anapolazimishwa kuandikishwa kwenye timu zote tatu huku ni majeruhi, au kocha hana mpango wa kumshindanisha. Jaji Stefan Underhill alipoamua kesi ya Quinnipiac mwaka 2010, aliondoa kwenye hesabu nafasi 11 za wakimbiaji wa namna hiyo. Aliwatoa pia washangiliaji 30, kwa kuwa ushangiliaji wa mashindano wakati huo haukuwa na ratiba wala kanuni za mchezo kamili. Wanawake walikuwa asilimia 61.87 ya wanafunzi. Baada ya mchujo, sehemu yao katika michezo ikabaki asilimia 58.25. Pengo hilo, alisema jaji, ni nafasi 38, zinazotosha timu nzima.

Halafu kuna wale wanaoona wanaume kwenye safu ya wanawake na kudhani ni kosa la uchapaji. Si kosa. Maelekezo ya EADA yanataka mwanamume anayefanya mazoezi na timu ya wanawake ahesabiwe humo, na maelezo yawekwe pembeni. Mwaka 2011 gazeti la New York Times lilionyesha kwamba kati ya wachezaji 34 wa timu ya wanawake ya vitara ya Chuo Kikuu cha Cornell, 15 walikuwa wanaume. Kwa EADA ni halali kabisa. Kwa Title IX, mwanamume hajazi nafasi ya mwanamke hata avae barakoa ya vitara.

“Timu kubwa ya makasia ni ushahidi wa neema kwa wanawake.” Hii ndiyo inayonichosha. Kikosi cha ubingwa wa NCAA wa daraja la kwanza kina mashua mbili za wapiga makasia 8 na moja ya 4, kila moja na nahodha wake: jumla watu 23. Sasa chuo kikiandika majina zaidi ya 100, waliobaki wanapiga makasia wapi? Baadhi hushindana katika mashua za wanaojifunza, kweli. Lakini timu ya futiboli ya Kimarekani ya wanaume huweza kupita watu 100, na njia ya bei nafuu ya kusawazisha mizani ni kurefusha orodha ya wanawake, bila kuajiri kocha wa mchezo mpya wala kujenga uwanja.

Mwisho huja ile ya kejeli: majina hujazwa kwa kuwa wasichana wenyewe hawana hamu. Walioishtaki Quinnipiac walitaka tu kuendelea kucheza. Voliboli ilibaki, na wakati kesi ikiendelea chuo kikaanzisha raga ya wanawake. Kuanzia 2015, timu hiyo ilitwaa ubingwa wa taifa wa raga ya vyuo miaka 3 mfululizo.