Wacheni Kuililia Injini ya 1964

Kuna kilio nimekichoka. Fundi wa Marekani akichukua Mustang ya 1967 au Chevelle ya 1970, akang'oa injini ya zamani na kuweka mpya inayoongozwa na kompyuta, akabadilisha breki, gia na usukani, wanatokea watu wanalia kana kwamba mtu kachoma maktaba. Eti ameua asili. Eti gari lilikuwa na roho, sasa halina. Magari ya namna hii huitwa restomodi: sura ya kale, matumbo ya leo. Kwa wanaojiita walinzi wa asili, jina hilo ni tusi.

Utaniuliza gari linatafuta nini kwenye ukurasa wa vitabu. Linafuata neno hilohilo, "asili". Sisi wa vitabu tunalitumia kila siku: matini asilia, toleo la kwanza, alivyokusudia mwandishi. Na mara nyingi linapotajwa kwa unyenyekevu uliozidi, nyuma yake kuna mtu anauza kitu.

Haya, twende kwenye asili yenyewe.

Gari la misuli, kama Wamarekani wanavyoliita, lilikuwa gari la ukubwa wa kati, milango miwili, lililotiwa injini ya gari kubwa na kuuzwa kwa bei ambayo kijana mwenye ajira angeweza kuifikia. Linalotajwa sana kuwa lilianzisha mchezo ni Pontiac GTO ya 1964. Sasa sikia lilivyozaliwa. General Motors ilikuwa na kanuni ya ndani: gari la ukubwa ule lisipewe injini inayozidi inchi za ujazo 330. Wahandisi wa Pontiac, chini ya John DeLorean, wakachukua Tempest, gari la kawaida kabisa la kupeleka watoto shule, wakalitumbukizia injini ya inchi 389 waliyokuwa wanaifunga kwenye magari yao makubwa. Ili wakubwa wasishtuke, hawakuliita modeli mpya. Waliliandika kama furushi la nyongeza ambalo mteja anaweza kuliagiza. Hata jina walilichukua kwa Ferrari.

Yaani gari linaloabudiwa kama asili ya asili lilikuwa gari la familia lililobadilishwa injini na watu waliokuwa wanakwepa kanuni za kazini kwao! Fundi wa leo anayelibadilisha tena anafanya kazi ileile, ila yeye hamfichi bosi wake.

Haijaisha. Machi 1964 jarida la Car and Driver lililiweka GTO la Pontiac mezani pamoja na GTO la Ferrari. La Pontiac liliandikiwa kutoka kusimama hadi maili 60 kwa saa kwa sekunde 4.6, namba iliyowapa vijana wa Marekani homa. Miaka mingi baadaye Jim Wangers, mtu wa matangazo aliyekuwa nyuma ya mpango ule, alikiri kwamba chini ya boneti ya gari lililojaribiwa mlikuwa na injini ya inchi 421. Siyo 389. Hekaya iliyowalea hao walinzi wa asili imejengwa juu ya gari lililobadilishwa kimyakimya. Ningekuwa mhariri wa jarida lile ningenuna hadi leo, lakini nakiri ni kisa kitamu.

Na zile nguvu za farasi zinazokaririwa kama aya? Kabla ya 1972 viwanda vya Marekani kwa kawaida vilitangaza nguvu ya injini iliyopimwa ikiwa juu ya benchi, bila mizigo mingi inayoinyonya ikishafungwa kwenye gari. Anayelilia "farasi 450" wa Chevelle SS ya 1970 analilia namba ya brosha.

Lakini namba za uongo ningeweza kuzivumilia. Hasira yangu iko kwenye breki.

GTO ya 1964 ilikuwa na breki za dramu magurudumu yote manne. Breki ya dramu hufanya kazi kwa viatu vinavyojitanua ndani ya chungu cha chuma. Ukifunga breki mara moja, sawa. Ukifunga mara tano mfululizo kwenye mteremko, joto linakosa pa kutokea, dramu linatanuka na kuviacha viatu, pedali inazama, na gari zito lenye V8 linaendelea na safari zake. Breki za diski za mbele zilikuja kwenye GTO mwaka 1967, tena kama nyongeza ya kulipia. Kabla ya mwaka huo, mfumo mzima wa mafuta ya breki ulikuwa mmoja: bomba moja likivuja, umebaki na breki ya mkono na dua. Na nguzo ya usukani ilikuwa chuma kigumu kilichoelekezwa kifuani kwa dereva.

Hayo si maoni ya mwandishi wa habari asiyejua magari. Ralph Nader alishatoa Unsafe at Any Speed mwaka 1965, kitabu kilichosaidia kuleta sheria ya usalama wa magari ya 1966. Mwaka huo wa sheria, watu zaidi ya 50,000 walikufa barabarani Marekani. Kwa hiyo anayeniambia kwamba breki za diski zinaua roho ya gari, namuuliza: roho ya nani hasa tunayoizungumzia hapa?

Mimi naiona restomodi nzuri kama tafsiri nzuri. Nyerere aliitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, ikatoka 1963. Akairudia, ikatoka tena 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Kila toleo lina mwaka wake, na Shakespeare yuko palepale kwa anayemtaka kwa Kiingereza chake. Mtafsiri anaamua nini kibaki na nini kigeuke ili kazi itembee kwa wasomaji wengine. Fundi naye hivyohivyo. Anaacha mstari wa paa, taa na mlio wa V8. Anageuza breki, shokapu, gia, mkanda wa kiti, na mfumo wa mafuta ili injini iwake asubuhi ya baridi bila kubembelezwa na kabureta.

Na kama ilivyo kwa tafsiri, zipo mbovu, tena nyingi. Chrysler ilipoanza kuuza injini ya Hellcat ndani ya kreti, farasi 707, ikawa rahisi mtu mwenye pesa kuinunua na kuisokomeza kwenye gari lolote la babu. Mustang ya miaka ya sitini haina chesisi iliyojitenga. Bodi yenyewe, karatasi za chuma zilizokunjwa na kuchomelewa, ndiyo inayobeba kila kitu. Ongeza nguvu maradufu bila kuiimarisha chini, bodi inajinyonga na milango inaanza kugoma kufunga. Huyo fundi ametafsiri maneno yenye kelele tu, sarufi kaiacha. Mkosoeni kwa hilo, nitawaunga mkono. Ila huo ni uhakiki wa kazi, na uhakiki unahitaji kufungua boneti na kutazama, kitu ambacho mlinzi wa asili hana muda nacho, maana kilio chake huanza akisikia tu kwamba kuna kilichobadilishwa.

Yapo magari ambayo ningemshika mkono fundi asiyaguse. Mustang ya 1968 aliyoendesha Steve McQueen kwenye filamu ya Bullitt ilikaa miongo kadhaa kwa familia moja, na mama wa nyumba alikuwa akiiendesha kwenda kufundisha shule. McQueen aliwaandikia barua mwaka 1977 akitaka kuinunua, hawakumuuzia. Iliponadiwa Januari 2020 ilifika dola milioni 3.74 pamoja na ada, na mikwaruzo yake yote. Ile ni hati ya mkono, na hati ya mkono haipigwi rangi. Lakini hati za mkono ni chache. Mustang nyingine zilitoka kiwandani kwa mamia ya maelfu kila mwaka. Hizo ni nakala za dukani, na nakala ya dukani mwenyewe anaruhusiwa kuandika pembezoni.

Hata mahakama imeingizwa kwenye ugomvi huu. Restomodi maarufu kuliko zote pengine ni "Eleanor" wa filamu ya Gone in 60 Seconds ya 2000. Katika hadithi ni Shelby GT500 ya 1967. Kwenye kupiga picha zilikuwa Mustang za kawaida zilizovalishwa. Filamu hiyo ilirudia ya 1974, ambamo Eleanor alikuwa Mustang ya njano ya 1971 iliyofanywa ionekane ya 1973. Mafundi walipoanza kujenga Mustang za sura ya Eleanor, wenye haki za filamu ya kwanza wakadai yeye ni mhusika, hivyo analindwa kama mhusika wa riwaya. Mei 2025 mahakama ya rufaa ya shirikisho, ile ya Mzunguko wa Tisa, ilikataa: Eleanor hana tabia wala utu, sura yake inabadilikabadilika, mara njano, mara kijivu, mara kutu tupu. Ni kifaa cha jukwaani. Kumbe gari la Batman lilishakubaliwa kuwa mhusika mwaka 2015, kwenye mahakama ileile. Semina ya fasihi kabisa, wakilipana mawakili.

Nadhani majaji walipatia, ila wangeweza kuuliza na hili: Eleanor asilia ni yupi, wa njano au wa kijivu?

Ninachodai kwa wajenzi ni kibandiko tu. Tunaponunua kitabu tunakuta jina la mtafsiri, mwaka wa toleo, na kama limefupishwa tunaambiwa. Kwenye mnada wa magari gari hutajwa kwa mwaka mmoja, "1967", kwa herufi kubwa, wakati cha 1967 kilichobaki pengine ni paa, milango na namba ya usajili wa kiwanda. Waandike yote: bodi 1967, injini 2018, breki na gia 2019, kazi ya fundi fulani wa mji fulani. Fundi naye atapata jina, kitu ambacho walinzi wa asili hawajawahi kumpa.