Nani Baada ya Serena?
Wiki hii ufukweni Mbamba Bay nimetazama wasichana wakicheza rede. Mmoja, wa mkono wa kushoto, akirusha mpira hakosi mtu. Nilipopanda Mbinga mjini nikakuta vijana kijiweni wanabishana nani atatawala tenisi ya wanawake kama Serena Williams na mataji yake 23 ya Grand Slam ya mchezaji mmoja mmoja: Swiatek, Sabalenka au Gauff? Mimi, mbishi wa kuzaliwa, nikamtaja Angella Okutoyi. Kimya. Ni jirani yetu Mkenya, kalelewa na bibi yake, akashinda Wimbledon ya wasichana wawili wawili mwaka 2022, kisha dhahabu ya Michezo ya Afrika, Accra, 2024. Lakini mkono kama wa yule msichana wa Mbamba Bay haukui bila uwanja, na sisi tunapopima kiwanja tunawawaza wavulana tu. Vijana wakarudi kwa Sabalenka wao.