"Lipo Mtandaoni" Si Jibu la Mshairi



Kuna jibu moja ambalo limenichosha masikio. Ukimwuliza mtunzi wa siku hizi, "Lile shairi lako zuri liko wapi?" atakujibu bila kusita: "Lipo mtandaoni." Ukimwuliza mwalimu wa fasihi ni wapi alipoyaweka mashairi anayofundishia, jibu ni hilo hilo. Na msomaji akiulizwa diwani azipendazo, naye hunyoosha kidole kwenye simu. Mimi nasema kwamba jibu hilo ni la mtu asiye na maktaba. Ana ruhusa ya kuingia katika maktaba ya mwingine, na ruhusa hiyo haikuandikwa itakwisha lini.

Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na sasa naishi Chilangala, wilaya ya Newala, nikilima mikorosho michache na kusoma mashairi. Sisemi haya kwa chuki ya mzee dhidi ya mambo mapya. Nayasema kwa sababu nami nililitoa jibu hilo, likaniaibisha mbele ya wafiwa.

Rafiki yangu mmoja wa Kilwa, niliyesoma naye chuo cha ualimu, alikuwa mtunzi hodari. Hakuwahi kuchapisha kitabu. Alijifungulia ukurasa katika tovuti moja ya bure, akawa anaweka humo mashairi yake. Kila alipoweka jipya alinitumia kiungo, nami nikakihifadhi katika simu. Alipofariki, watoto wake waliniomba niwakusanyie mashairi ya baba yao ili wayachape kijitabu cha kugawa siku ya hitima. Niliwajibu kwa kujiamini: "Msiwe na wasiwasi, yote yapo mtandaoni, na viungo ninavyo."

Viungo vilikuwa 41. Nilifungua cha kwanza, nikaambiwa ukurasa haupo. Nikafungua cha pili na cha tatu, nikaendelea hadi cha mwisho, jibu likawa moja. Wenye tovuti walikuwa wamefunga huduma yao, na tangazo la kufunga walilituma katika baruapepe ya marehemu, ambayo hakuna aliyekuwa akiifungua. Tuliokoa mashairi matano tu: manne niliyokuwa nimeyanakili kwa mkono katika daftari la shule, na moja ambalo binti yake alilikariri tangu utotoni. Mengine 36 yalikwenda. Nilichokuwa nimekihifadhi miaka yote ile kilikuwa anwani ya nyumba iliyokwisha kubomolewa.

Msidhani kisa hiki ni cha ajabu. Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa taarifa kwamba kati ya kurasa za wavuti zilizokuwepo mwaka 2013, asilimia 38 zilikuwa hazipatikani tena muongo mmoja baadaye. GeoCities, mji mzima wa kurasa za watu wa kawaida, ulifungwa na wenyewe mwaka 2009. Hapa kwetu, Juni 2018, kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilipodai leseni, JamiiForums, jukwaa kubwa kuliko yote nchini, lilijifunga kwa muda. Na tarehe 8 Julai 2025 ilifungwa Pocket, huduma ambayo kazi yake hasa ilikuwa kuwahifadhia watu viungo na makala za kusoma baadaye. Basi ikiwa ghala lenyewe la kuhifadhia hufungwa, mwenye kuweka mali humo atamlaumu nani?

Sisi wa Uwanda wa Makonde hatukupaswa kufundishwa jambo hili na kompyuta. Udongo wetu ni wa kichanga, mvua hunyesha ikazama chini, na chemchemi ziko huko bondeni chini ya miinuko. Bibi zetu walishuka na mitungi na kupanda nayo. Ulipokuja mradi wa maji wa Makonde tulishangilia, lakini mtu mwenye busara hakufukia kisima chake cha sementi kinachovuna maji ya bati. Bomba likitoka, alhamdulillahi, na lisipotoka watoto wataoga. Hakuna mtu wa Newala atakayekuambia "maji yapo bombani" halafu akavunja tangi lake. Kwa nini basi katika ushairi tunakuwa wapumbavu kuliko tulivyo katika maji?

Nilichokifanya mimi ni hiki. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni fundi wa kompyuta mjini Masasi, aliniuzia kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika. Akaniwekea humo Linux, na juu yake Docker, programu iliyoanza kujulikana mwaka 2013, ambayo kazi yake ni kuendesha programu nyingine ndani ya makontena. Kontena hapa ni kama lile la bandarini Mtwara: programu hufungashwa pamoja na kila inachokihitaji, ikafika kwako tayari, ukaiendesha bila kuvuruga vitu vingine vya nyumbani. Ndani ya kontena langu inaendeshwa programu huria iitwayo linkding. Huo ndio ubao wangu wa alamisho. Naufungua kwa kivinjari, katika kompyuta hiyo au katika simu nikiwa nyumbani, na intaneti ikikatika ubao haupotei, kwa maana uko mezani pangu. Umeme nao ukikatika, betri huniwezesha kumaliza nilichokianza.

Kila shairi ninalolipenda naliwekea kiungo, maelezo yangu na vitambulisho. Vitambulisho hivyo ndivyo vilivyonifurahisha kuliko yote. Nimeviita tathlitha, tarbia, takhmisa, utenzi, guni. Nikibofya "takhmisa", zinajipanga takhmisa zote nilizokusanya. Katika maelezo naandika vina, mizani, bahari na neno gumu lililonisumbua. Hakuna mtambo wa kutafutia wa dunia hii utakaonipa orodha ya namna hiyo, kwa sababu mtambo haujui kwamba mstari fulani umepungukiwa na mizani moja. Mimi najua, na ujuzi wangu sasa una mahali pa kukaa. Toleo kubwa la programu hiyo huweza pia kuhifadhi nakala kamili ya ukurasa wenyewe, ili asili ikifa nakala ibaki. Ningekuwa na kitu hiki miaka ile, mashairi 36 ya marehemu yangekuwa mezani pangu leo.

Sikuyapata haya bila kuumia. Nilipoanza, kwa ubishi wa kutaka kufanya peke yangu, niliendesha kontena bila kuliunganisha na fungu la nje la kuhifadhia. Kwa wiki tatu niliingiza viungo, nikajisifu. Kisha nikataka kuweka toleo jipya, nikalifuta kontena la zamani, na viungo vyote vikafutika nalo. Fundi wangu alicheka, halafu akanieleza kwa upole, kama nilivyokuwa nikimweleza yeye ngeli za nomino: kontena ni la kusafirishia, si la kuwekea akiba. Linatarajiwa kufutwa na kuundwa upya wakati wowote. Data hukaa nje yake, katika folda ya kompyuta yako uliyoiunganisha na folda ya data iliyo ndani. Ukifanya hivyo, futa kontena mara mia. Ukiliunda jipya, litakuta kila kitu mahali pake. Namshukuru Mungu kwamba kosa hilo nililifanya kwa viungo, si kwa mashairi ya mtu.

Sasa niwajibu wapinzani, maana nimeshawasikia.

Wa kwanza husema: "Mambo hayo ni ya Kiingereza, Kiswahili hakina maneno yake." Nimeandika aya tatu kuyahusu. Ni wapi uliposhindwa kunielewa? Kivinjari, kiungo, alamisho, kitambulisho, folda, nakala, programu huria: maneno haya tunayo, na mengine yamo katika menyu za simu yako kama ungeiweka katika Kiswahili. Kontena halinigombanishi na mtu, kwa kuwa mpakiaji wa korosho analijua. Kinachotupungukia ni kuyatumia maneno hayo tukiwa na kazi ya kufanya. Neno hukomazwa na kazi, na mshairi anayekimbia kazi asilaumu lugha.

Wa pili husema: "Wenzetu wa nje wanatutunzia." Ni kweli wametutunzia, nami si mwizi wa fadhila. Mashairi mengi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalitufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya, W. E. Taylor akayapeleka Uingereza, na William Hichens akayachapisha mwaka 1940, miaka mia moja hivi baada ya mtunzi kufariki. Lakini angalieni mwanzo wa mnyororo huo. Alianza Mswahili mmoja aliyeona kwamba tungo za mji wake zinastahili kuwekwa. Pasipo Sikujua, Taylor angebeba nini? Na hapa Newala kwetu, mwaka 1906, Mjerumani Karl Weule alikuja na mashine ya kunasa sauti, akanasa nyimbo za watu wetu katika mitungi ya nta, zikaenda Ujerumani. Mjukuu wa mwimbaji akitaka leo kuisikia sauti ya babu yake, lazima apige hodi kwa watu. Sisemi kwamba hawatamfungulia. Nasema kwamba ufunguo hauko kwake.

Wa tatu husema: "Hiyo ni kazi ya vijana na mafundi." Mimi nimepita sitini. Nilijifunza kwa jioni nne, nikiwa na daftari na kalamu. Mtu anayeweza kufuata kanuni za utenzi, mizani nane katika kila kipande na kina kimoja cha kufungia ubeti hadi tamati, hawezi kushindwa kuandika amri ya mstari mmoja. Na anayeshindwa kabisa asiache: afungue kivinjari chake, ahamishe alamisho zake zote ziwe faili moja, aiweke katika kadi ya kumbukumbu. Faili hiyo hiyo siku moja itaingizwa katika ubao kama wangu bila kuandika upya hata herufi moja.

Wa nne ana hoja nzito zaidi: "Kompyuta yako ikiungua au ikiibwa?" Hapa nakubali. Mwenye nakala moja hana tofauti kubwa na mwenye kiungo. Kwa hiyo kila Ijumaa jioni nainakili ile folda ya data katika diski ya nje, na kila mwisho wa mwezi nampelekea fundi wangu Masasi nakala ya pili. Si kazi ya kuchosha. Tunaotunza mbegu tunajua kwamba mbegu haiwekwi katika chungu kimoja.

Na wa tano huuliza habari ya hakimiliki. Swali zuri. Kujiwekea nakala ya kusoma mwenyewe ni jambo moja. Kuitangaza kazi ya mwenzio bila idhini yake ni jambo jingine, nalo ni wizi. Ubao wangu haufunguki nje ya nyumba yangu. Mtunzi akiwa hai namwomba ruhusa, naye mara nyingi hushangaa kusikia kwamba kuna mtu aliyeziweka tungo zake vizuri kuliko yeye mwenyewe.

Ndugu zangu, wazee wetu hawakuwa na mtandao, lakini walikuwa na makasha. Mwenye utenzi aliuweka sandukuni, akaufunga kwa kitambaa, akamwonyesha mwanawe ulipo kabla hajafa. Sisi tuna vyombo ambavyo wao hawakuviota, na bado tunakufa bila kumwonyesha mtoto chochote isipokuwa simu iliyofungwa kwa namba ya siri. Binti wa rafiki yangu alisoma lile shairi moja alilokariri siku ya hitima, akalia katikati. Watu walidhani analia msiba. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anajaribu kukumbuka la pili.

Kwa hiyo, wiki hii, kabla hujatunga jipya, tafuta yalipo ya zamani. Fungua kila kiungo ulichonacho, uone kipi kiko hai na kipi kimekufa. Kilicho hai kinakili leo. Halafu mwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani kwako mahali ulipoweka.

Nami nafunga kwa ubeti wangu, ambao tayari una nakala tatu:

Maji ya mtungi wangu, hayangoji bomba kuja,
Na shairi la mwenzangu, nimeliweka pamoja,
Kasha lina lake fungu, nakala haiwi moja,
Ufunguo uko kwangu, mlangoni sitangoja.