Kuku wa Kilebanoni kwa Mkaa wa Dodoma

Eti kuku wa Kilebanoni mpaka umfuate Dar? Wapi! Ile ya kuchoma kwenye vijiti wenyewe wanaiita shish tawook, na mimi naichoma hapa hapa Chang'ombe, Dodoma, uani, kwa jiko la mkaa.

Kwanza tuelewane kuhusu kuku. Dodoma na Singida tunajidai na wa kienyeji, na kwenye mchuzi hana mpinzani. Lakini kwenye kijiti atakuaibisha, wageni watatafuna mpaka taarifa ya habari iishe. Chukua kidari cha kuku wa kisasa, kilo 1 kwa watu 4. Kata vipande, loweka masaa 4 kwenye kikombe cha mtindi, ndimu 2, punje 6 za kitunguu saumu, chumvi na pilipili manga. Mtindi unalainisha, siyo kila siku papai!

Choma pamoja na hoho na vitunguu. Pasua kipande kinene. Kikiwa bado chekundu ndani, rudisha. Huna mkate wa pita? Chapati nyembamba inafaa, funga na nyanya na tango. Sosi: twanga saumu na chumvi, tia mafuta na ndimu kidogo kidogo mpaka iwe nyeupe, nzito.

Sasa wewe wa chumba kimoja, nisikilize. Juni na Julai baridi ya Dodoma inakata mifupa, najua. Jiko usiingize ndani. Hewa ya mkaa inayoua haionekani wala hainuki. Ukifunga mlango ukasinzia, ndiyo basi tena. Vaa koti, chomea nje.