Njia za intaneti bado zategemea neno la mtu

JUMAPILI ya Februari 24, 2008, tovuti ya YouTube ilitoweka katika sehemu kubwa ya dunia kwa takriban saa mbili. Hakuna waya uliokatika. Serikali ya Pakistan ilikuwa imeamuru tovuti hiyo ifungwe nchini humo, na kampuni ya Pakistan Telecom, katika kutii amri, ikatangaza kuwa njia ya kufikia anwani za YouTube ni kupitia kwake. Tangazo lililokusudiwa kubaki nyumbani likavuka mipaka. Kampuni ya PCCW ya Hong Kong ililipokea na kulieneza bila kuuliza.

Kiini cha mkasa huo ni BGP, itifaki iliyobuniwa mwaka wa 1989, ambayo mitandao huitumia kujulishana njia. Enzi hizo mitandao ilikuwa michache na wenyewe walijuana, hivyo haikuwekewa namna ya kuthibitisha iwapo anayetangaza njia ana haki ya kufanya hivyo. Isitoshe, tangazo la kundi dogo la anwani hupewa kipaumbele kuliko la kundi kubwa. Pakistan ilitaja kundi dogo, ikasadikiwa.

Huo ulikuwa uzembe. Wezi nao hawakulala. Mnamo Aprili 2018, anwani za huduma ya Amazon inayotafsiri majina ya tovuti zilitekwa kwa mbinu iyo hiyo. Wateja wa MyEtherWallet wakaelekezwa kwenye tovuti bandia, na sarafu za kidijitali za takriban dola 150,000 zikaibwa.

Kinga ipo. Kwa vyeti vya RPKI, mwenye anwani hubainisha mtandao unaoruhusiwa kuzitangaza. Barani Afrika husimamiwa na AFRINIC, yenye makao nchini Mauritius. Programu huria za BIRD na FRRouting, zisizolipiwa, zinaweza kukataa matangazo yanayokinzana na vyeti hivyo. Kampuni inayolalamikia bei ya programu, basi, itafute kisingizio kingine. Naam, mwaka wa 2023 kasoro tatu zilifichuliwa katika FRRouting, lakini ziliwekwa hadharani na kurekebishwa.

Hata hivyo, cheti huthibitisha chanzo cha tangazo pekee. Tapeli mjuzi aweza kudai kuwa anapakana na mmiliki halali, na uongo wake ukapita. BGPsec, kanuni iliyochapishwa mwaka wa 2017 ili kuthibitisha njia nzima, ni mitandao michache mno iliyoikumbatia.