Kompyuta ya Studio Isipimwe kwa Taa Zake

Na Rashidi Kombo

Vijana wetu wanaotaka kufungua studio nyumbani wanauziwa kompyuta za gemu, na jambo hili linaniuma. Kijana anaingia dukani Kariakoo, anasema anataka mashine ya muziki. Muuzaji anamtolea laptopu nene, kibodi inawaka rangi zote, ndani ina kadi ya picha ya bei kali. Kijana anamwaga akiba yake yote hapo, anarudi chumbani hana hata hela ya maiki. Na kadi ile haitamfaa kitu kwenye kurekodi. Programu za kurekodi kama FL Studio, Cubase na Reaper hutegemea prosesa na RAM. Picha kwao ni jambo dogo.

Tatizo kubwa zaidi ni feni. Mashine ya gemu huzalisha joto jingi, kwa hiyo feni zake huvuma kwa nguvu kazi inapokolea. Maiki ya kondensa haichagui cha kusikia. Msanii akishusha sauti kwenye ubeti wa polepole, uvumo ule unaingia naye, na prodyuza akija kubana sauti kwa kompresa ili maneno yasikike, uvumo nao unapanda. Hapo ni vigumu kuuondoa kwa programu bila kuumiza sauti ya mwimbaji. Ndiyo maana MacBook Air yenye chipu ya M1, iliyotoka Novemba 2020 bila feni hata moja, bado inatafutwa na wanaorekodi chumbani. Anayeinunua mtumba aangalie RAM kwanza: yenye GB 8 itabaki na GB 8 hadi mwisho, haiongezwi.

Kwa wengi bei ya MacBook hiyo iko juu, na mimi siwezi kumwambia mtu akope kwa ajili yake. Laptopu za maofisini zilizotumika, kama ThinkPad, Latitude na EliteBook, zinatosha kabisa. Chagua Core i5 ya kizazi cha 8 au baada ya hapo. Kizazi hicho ndicho kilichozipa i5 nyingi za laptopu viini (core) vinne badala ya viwili, na pia ndicho Windows 11 inapoanzia kuzikubali prosesa za Intel. Windows 10 Microsoft iliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025. RAM iwe GB 16, diski iwe SSD. Sauti ya biti 24 kwa sampuli 44,100 kwa sekunde hula takriban MB 8 kila dakika kwa treki moja. Wimbo wa dakika nne wenye treki 20 unakaribia MB 640, kabla hujahesabu marudio. Diski ya nje ya kuhifadhia nakala nayo ni ya lazima.

Wauzaji wengi hawagusii suala la sauti kuchelewa. Mwimbaji akiimba, kompyuta hukusanya sampuli kwenye bafa kabla ya kumrudishia kwenye hedifoni. Bafa ya sampuli 1,024 peke yake ni kama milisekunde 23, tena sauti hupita kwenye bafa inapoingia na inapotoka. Mwimbaji anajisikia nyuma ya biti, anaanza kuvuta, na watu wanadhani hajui kuimba. Bafa ya 128 ni milisekunde 3 hivi, muda ambao sauti hutumia kusafiri mita moja hewani. Kinachoiwezesha kompyuta kufanya kazi kwa bafa ndogo bila kukwaruza si prosesa pekee, ni draiva pia. Kampuni ya Steinberg ilitengeneza mfumo wa draiva uitwao ASIO mwaka 1997 ili sauti isizungushwe ndani ya Windows. Kadi ya sauti ya nje yenye draiva yake ya ASIO itakufaa kuliko prosesa ya bei mbaya, na nyingi humwezesha mwimbaji kujisikia moja kwa moja kabla sauti haijafika kwenye kompyuta.

Kabla hujalipa, omba muuzaji akuruhusu kuendesha LatencyMon, programu ya bure, kwa dakika kumi huku Wi-Fi imewashwa. Itakuonyesha kama kuna draiva inayoikwamisha mashine. Muuzaji akikataa, nenda duka jingine. Ukisikia mngurumo kwenye hedifoni, chomoa chaja, rekodi kwa betri. Betri hiyohiyo ndiyo itakayookoa kazi umeme ukikatika. Mwenye kompyuta ya mezani anunue UPS.

Wazazi, kaka na dada mnaowachangia vijana hawa, nawaomba msimalizie fedha kwenye kompyuta. Angalau nusu ibaki kwa ajili ya maiki, kadi ya sauti, hedifoni na mapazia mazito ya chumba.